E ya Embe, I ya Iringa

Jumapili moja mwaka huu nilialikwa chakula Apple Valley, pembezoni mwa Minneapolis, nyumbani kwa watu ninaowapenda. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye simu na duka la dawa, anawatajia jina lake la ukoo herufi kwa herufi, kwa mara ya tatu. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alimsikiliza kidogo, akacheka, akamnyang'anya simu na kulitaja yeye, haraka, kwa Kiingereza cha hapa. Kisha akaiweka simu mezani na kurudi kwenye sahani yake. Mama akanyamaza. Mezani wote tukanyamaza, nami nikiwemo.

Ninawaandikia ninyi, vijana wa rika la binti yule, kwa sababu ya ukimya ule. Nimefanya kazi za ofisini miaka mingi katika miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, na nimestaafu kabla nywele hazijaisha. Somo lililoniuma kuliko yote lilihusu herufi mbili, na mwanamke mmoja aliyezitaja sawasawa. Miaka imepita na hasira haijapoa. Msitegemee niandike kama mtu aliyesamehe.

Kwanza muielewe kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa hasira.

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika chumba cha oda cha kampuni ya udalali wa hisa, katikati ya Minneapolis. Meza yetu haikugusa hisa zenyewe. Ilishughulika na mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei fulani, kabla ya siku fulani ya mwezi fulani. Ni haki, si lazima: akitaka anaitumia, asipotaka anaiacha ife. Ndiyo maana mimi na mwenzangu wa meza, Dada Agnes, tuliiita hiari, na hapa nitaiita hivyohivyo. Sikusomea chuoni mambo haya. Chuo kilinishinda mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikajisomea kwa vitabu vya maktaba ya Saint Paul, ndani ya basi, asubuhi na jioni.

Kila hiari ilikuwa na alama ya herufi. Herufi za mwanzo zilitaja kampuni, iliyofuata ilitaja mwezi, na ya mwisho ilitaja bei. Kwa hiari za kununua, A ilikuwa Januari, B Februari, hivyo hivyo mpaka L. Basi E ilikuwa Mei na I ilikuwa Septemba. Shikeni hizo mbili tu.

Mteja aliweza kuacha oda ikingoja sokoni. Anamwambia dalali wake, "Niuzie hiari zangu zikifikia bei hii," halafu anaenda zake kuvua samaki kwenye tundu lililotobolewa katika barafu ya ziwa. Oda ingengoja wiki, hata miezi. Taabu ilianza pale kampuni ilipobadilisha jina au kuungana na nyingine, na soko la Chicago likaipa alama mpya. Tangazo lilikuja kwa faksi, kwa kawaida Alhamisi au Ijumaa. Jumatatu soko likifunguliwa, alama ya zamani haipo tena. Na zile oda zilizokuwa zinangoja chini ya alama hiyo ziko wapi? Kulijua jibu la swali hilo ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Aliyenifundisha ni Doris, mama wa Saint Paul, mwembamba, mwenye rula ya chuma ambayo hakuna aliyethubutu kuiazima. Mara ya kwanza aliponiachia mabadiliko ya alama peke yangu, niliziingiza upya oda zote chini ya alama mpya, moja baada ya nyingine, nikajiona bingwa. Jumatatu wateja watatu wakawa wameuza mara mbili. Soko lilikuwa limezihamisha baadhi ya oda lenyewe, nami nikaziingiza tena juu yake.

"Uliwauliza Chicago wamefuta au wamehamisha?" Doris akaniuliza.

"Nilidhani wame—"

"Sijakuuliza ulidhani nini. Nimeuliza kama uliwapigia simu."

Tangu siku ile sikugusa oda kabla sijapiga simu na kuandika jina la karani aliyenijibu na saa aliyonijibu. Doris akanifundisha na jambo la pili, ambalo wengi hawakulijua: alama ya zamani haifutiki duniani. Baada ya muda soko huweza kumpa mwingine. Ukiacha oda ya mteja imelala chini ya alama ya zamani kwenye mashine yako, siku moja kampuni nyingine kabisa inapewa zile herufi, na oda inaamka na kununua kitu ambacho mteja hakijui hata kwa jina. "Usiache kitu nyuma," alisema. "Safisha, kisha hesabu ulichosafisha." Tulizihesabu oda za kwenye orodha ya zamani na za kwenye orodha mpya, na idadi isipolingana hakuna aliyekwenda nyumbani.

Jambo la tatu la Doris lilikuwa kurudisha. Mmoja alisoma kutoka kwenye orodha iliyochapwa, mwingine aliandika kwenye kompyuta na kuitaja tena kila alama kwa sauti kabla ya kubonyeza. Msomaji hakwenda mstari wa pili mpaka asikie mwandishi amerudisha. Ilichosha. Ilikausha koo. Doris alipostaafu, orodha zake za mwaka mzima hazikuwa na kosa hata moja.

Baada ya Doris nikabaki na Dada Agnes. Alikuwa ametoka Bukoba, amenizidi miaka sita, alikuja hapa akiwa mwanafunzi na kumaliza masomo yake ya biashara, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Mimi ni wa Tanga. Kila asubuhi tulianza kwa utani.

"Musa wa Tanga, umeshaamka au unasubiri upepo?"

"Nimeamka, Dada. Nasubiri unifundishe Kiingereza ulichozaliwa nacho."

Tulipokaa kusoma orodha, tulisoma kwa Kiswahili, na hapo ndipo tulipogundua hatari. Sauti "i", ambayo kwetu ni herufi I, kwa Mmarekani ni jina la E, na I yake yeye anaiita "ai". Vokali zetu na zao zimekaa viti vya kubadilishana. Siku moja tulikamatana katikati ya mstari, yeye ametaja kwa Kiingereza bila kufikiri, mimi nimeandika kwa Kiswahili bila kufikiri, na kurudisha kwangu ndiko kulikotuokoa. Tukakubaliana hapo hapo: kila herufi itakuwa na neno lake. A ya Arusha. M ya Mwanza. I ya Iringa. Tulipofika E tukakwama.

"Mji gani unaanza na E?" nikauliza.

"Embe," akasema Agnes.

"Embe si mji."

"Nani amesema tutahamia humo? Andika, E ya Embe."

X yeye aliiita msalaba, mimi nikaiita mkasi. Tulibishana nusu saa, yeye na kanisa lake, mimi na msikiti wangu, mpaka mkasi ukashinda kwa sababu alikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Mwaka mzima tulifanya kazi hivyo. Ukipita karibu na meza yetu ungesikia "Embe, Iringa, mkasi," na Wamarekani wakicheka. Tulicheka nao. Orodha zetu zilikuwa safi kama za Doris.

Ndipo akaja Craig.

Craig alikuwa msimamizi mpya, kijana kuliko mimi, mwenye mashati mazuri. Agnes alimpa jina la Bwana Saa, kwa sababu alizungukazunguka akituhesabia dakika. Hakuwahi kukaa kwenye meza ya oda hata siku moja. Wiki yake ya pili alitukuta katikati ya orodha.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Kiswahili," Agnes akamjibu. "Tunahakiki herufi."

"Wateja wanaweza kusikia kwenye simu. Hapa ni Kiingereza tu. Na kwa nini kila kitu kinasemwa mara mbili?"

Nikamweleza kurudisha. Nilimweleza kwa utaratibu, kuanzia Doris, kwa Kiingereza changu bora. Akatazama saa.

"Someni mara moja. Mmeajiriwa kwa sababu mnajua kusoma."

Nawaambia ninyi mnaoshika vifaa vya kusomea vibandiko vya mizigo kwa miale kule maghala ya Shakopee, na ninyi mlio kwenye ofisi zenye vioo: mtu asiyejua kazi yenu atakapowaambia hatua fulani ni ya kupoteza muda, mwombeni aandike hivyo kwa mkono wake na kuweka jina lake. Mimi sikumwomba. Niliona ni utovu wa adabu. Adabu ile imenigharimu.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka na barabara zote zikiwa rangi ya majivu. Faksi ya Chicago ilifika Ijumaa saa nane mchana. Niliwapigia simu: wamezifuta oda zote, hawakuhamisha hata moja. Kwa hiyo zote zilikuwa za kuingizwa upya. Craig alisimama nyuma yetu. Agnes akasoma kwa Kiingereza, mara moja, haraka. Mimi nikaandika, bila kurudisha. Tulimaliza mapema. Tukahesabu, idadi ikalingana. Craig akatupigia makofi mawili.

Kosa la herufi halionekani kwa kuhesabu.

Jumatatu asubuhi, dakika chache baada ya soko kufunguliwa, oda moja ikatimia. Mteja alikuwa mwalimu mstaafu wa Maplewood. Alikuwa na hiari za Mei na aliacha oda ya kuziuza zikipanda hadi bei aliyoitaja. Kilichouzwa kilikuwa hiari za Septemba, ambazo hakuwa nazo. Na ziliuzwa mara moja kwa sababu hiari yenye miezi mingi mbele yake huwa ghali zaidi; bei aliyoitaka kwa Mei ilikuwa ya kutupa kwa Septemba. Sasa alikuwa amemuuzia mtu kitu asichokuwa nacho, na bei ilikuwa inapanda. Kampuni ikalazimika kuzinunua tena yenyewe, kwa hasara yake.

Craig akatuita wote wawili chumbani kwake. Mezani alikuwa ameweka karatasi mbili: orodha iliyochapwa ambayo Agnes aliisoma, na ile iliyotoka kwenye kompyuta niliyoandika mimi.

"Nani alisoma?"

"Mimi," akasema Agnes.

"Nani aliandika?"

"Mimi," nikasema.

Nilizitazama zile karatasi, na niliona papo hapo. Agnes alikuwa na mazoea ya kuweka nukta ya penseli chini ya kila herufi anapoitaja. Kwenye mstari wa mwalimu, chini ya E, kulikuwa na nukta. Alikuwa amesema E, kwa Kiingereza, kama alivyoamriwa: "i". Na mimi, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nimeisikia sauti hiyo ikinitajia herufi kwa Kiswahili, nilisikia I na nikaandika I. Kiingereza cha mtu mwingine yeyote ningekisikia kama Kiingereza. Sauti ya Agnes katika masikio yangu ilikuwa Kiswahili.

Niliyaona yote hayo pale pale, nikiwa nimesimama.

Craig akasema, "Tatizo ni matamshi. Musa anaongea vizuri, namwelewa kila neno. Wewe, Agnes, nyakati nyingine sikuelewi."

Na mimi nilinyamaza. Nitawaambia ukweli wote, maana nusu yake haina maana: kwa muda mfupi, nilifurahi. Miaka yote ya vitabu ndani ya basi, na hatimaye Mmarekani mwenye shati zuri amesema naongea vizuri.

Craig hakuishia hapo. Alitutoa nje mpaka chumba cha oda, mbele ya watu kumi na zaidi, akaandika vokali tano kwenye ubao mweupe na kumwambia Agnes azisome. Mwanamke mzima, mwenye shahada, anasomeshwa A, E, I, O, U. Agnes alizisoma zote tano kama wanavyozisoma wao, polepole, bila kosa.

"Nikusomee na zilizobaki?" akamwuliza.

Mtu mmoja akacheka. Craig akafuta ubao. "Hapa umetulia," alisema. "Kwenye kazi huwa mna haraka." Haraka aliyoileta yeye, kwa saa yake mwenyewe!

Sikulala vizuri. Jumanne nikaenda kazini nikiwa nimeandaa maneno, nikayabeba siku nzima bila kuyasema. Jumatano asubuhi nikaingia kwa Craig nikamwambia kosa ni la sikio langu, nikamwonyesha nukta. Alinisikiliza kwa upole, na upole ule ndio unaonikera mpaka leo.

"Ripoti imeshakwenda juu," akasema. "Usijiingize. Wewe una mustakabali hapa."

Kwenye ripoti, sababu ya kosa ilikuwa neno moja: matamshi. Niliandika barua ukurasa mzima kwenda kwa wakubwa, nikaambatanisha nakala za karatasi zote mbili. Hawajanijibu hadi leo. Nilipotoka kwa Craig Jumatano ile, meza ya Agnes ilikuwa tupu; walikuwa wamemfukuza.

Nilimkimbilia kwenye daraja la vioo linalovuka barabara kuelekea jengo la pili. Alikuwa amebeba sanduku: kikombe, viatu vya ndani, picha ya mama yake.

"Dada Agnes, lilikuwa sikio langu."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Nukta niliiweka mwenyewe, mimi si kipofu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mimi, waseme najitetea? Nilikuwa nakungoja wewe." Akalihamisha sanduku kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Kunisikia vibaya, Musa, hilo ni sikio. Kunyamaza si sikio."

Nikabaki nimesimama mbele yake.

"Sasa beba hili sanduku unifikishe kwenye basi," akasema. "Usinisimamie kama nguzo."

Wiki mbili baadaye Craig alitugawia karatasi iliyofunikwa plastiki, moja kwa kila meza. Kila herufi ilikuwa na neno lake la Kiingereza. Chini yake kulikuwa na amri: mwandishi arudishe kila alama kwa sauti kabla ya kubonyeza. Na chini kabisa, jina la Craig. Mwisho wa mwaka alisifiwa mbele ya watu kwa ubunifu. Nilikaa pale na mikono juu ya magoti. Hakupiga mtu makofi isipokuwa yeye mwenyewe, au labda walipiga na mimi sikusikia. Nimekwishakiri kwamba sikio langu si la kutegemewa.

Nilibaki katika kazi ile miaka mingi. Kila karani mpya aliyewekwa karibu nami nilimweleza kwamba kurudisha kulianza na Doris, na maneno ya herufi yalianza na Agnes wa Bukoba, aliyefukuzwa kwa kosa langu. Wengine waliona ni maneno ya mtu mwenye kinyongo. Ni kweli, ninacho. Siku hizi alama za hiari huandikwa na tarehe nzima kwa tarakimu, na hakuna tena mwezi unaoitwa E. Msidhani kwa hiyo jambo limekwisha. Majina yenu bado yanatajwa kwenye simu kila siku, hospitalini, benki, mahakamani, na upande wa pili wa simu kuna mtu mwenye haraka.

Binti wa Apple Valley, utajijua ukisoma. Mama yako alilitaja jina lake sawasawa. Aliyekosea ni yule wa duka la dawa ambaye hakurudisha. Ulipomnyang'anya simu ulimwambia mama yako kile ambacho Craig alimwambia Agnes. Nawe hukuwa na haja hata ya ubao.

Agnes alipata kazi hospitali moja upande wa Maplewood, kwenye kumbukumbu za wagonjwa, na akaishia kuwa mkuu wa chumba chote. Huko kwake hakuna jina la mgonjwa lililoandikwa bila kurudishwa. Tunaongea mara kwa mara. Wiki iliyopita nilimsimulia kwenye simu habari ya chakula kile, na simu, na kicheko cha yule binti.

"Ukasema nini?" akaniuliza.

"Sikusema kitu."

"Umenyamaza tena, Musa."

"Nimenyamaza tena."

"Basi andika. Na jina langu uliweke, nisije nikawa 'karani mmoja'. Unajua linavyoandikwa?"

"Dada, nimekujua miaka yote hii!"

"Rudisha."

A ya Arusha. G ya Geita. N ya Nzega. E ya Embe. S ya Singida.